Kumuuguza mgonjwa asiyetarajiwa kupona: mwongozo kwa muuguzi wa wodini na wa ziara za nyumbani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muuguzi wa hospitali ya wilaya, kituo cha afya au zahanati, ambaye amekabidhiwa mgonjwa wa saratani iliyokwisha kusambaa, au mgonjwa ambaye moyo, figo au ini lake limeshindwa kabisa, na ambaye faili lake halina tena maelekezo zaidi ya kumruhusu arudi nyumbani. Hali hiyo si ngeni kwetu. Wagonjwa wengi wa saratani katika Tanzania na nchi jirani hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Hupelekwa hospitali kubwa kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza au KCMC mjini Moshi, hupewa mionzi ya kupunguza maumivu au kuzuia damu, kisha hurudishwa wilayani kwao. Hapo ndipo familia huambiwa kwamba hakuna la kufanya tena. Kauli hiyo si ya kweli, na muuguzi ndiye mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuikanusha kwa vitendo, kwa sababu karibu kila kitu kinachobaki kufanywa ni kazi ya uuguzi.

Kazi hiyo huitwa huduma shufaa, na si jambo la hisani linalofanywa muda ukipatikana. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziiweke huduma hii ndani ya mifumo yao ya afya katika ngazi zote. Uganda ilikuwa imekwisha kutangulia: huduma ya Hospice Africa Uganda ilianza Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ilibadilishwa ili wauguzi waliosomea fani hii waruhusiwe kuandika morfini, dawa ya maumivu makali, wao wenyewe. Mahali pengi muuguzi bado hana ruhusa hiyo na hutegemea daktari aandike. Hata hivyo, anayemwona mgonjwa akikunja uso saa nane za usiku ni muuguzi, na taarifa yake ndiyo inayomfanya daktari aandike dozi sahihi.

Dozi zinazotajwa humu ni za mtu mzima na ni za kuanzia tu. Zithibitishe na daktari wako pamoja na mwongozo wa matibabu wa nchi yako kabla ya kuzitumia. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake na ana utaratibu wake.

Hatua ya kwanza: mpime mgonjwa kama mtu kamili, si kama uvimbe

Anza kwa kusoma faili ili ujue ugonjwa ulianzia wapi, umefika wapi, mgonjwa amepata tiba gani na ameambiwa nini. Kisha vuta kiti ukae. Mgonjwa anayesemeshwa na mtu aliyesimama miguuni pa kitanda hujibu kwa ufupi ili asimcheleweshe, na mambo muhimu hubaki hayajasemwa. Msalimie kwa heshima ya umri wake, mwombe ruhusa ya kuuliza, na swali lako la kwanza liwe hili: “Kati ya yote yanayokusumbua, lipi ni zito zaidi leo?” Jibu linaweza kukushangaza. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuwa na maumivu makali ya kiuno, lakini akakuambia kwamba kinachomtesa zaidi ni harufu, kwa sababu wajukuu wameacha kuingia chumbani mwake.

Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher’s mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana sehemu nne zinazoungana: ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho. Mwanamume anayelalamika mgongo unauma licha ya kunywa dawa zake zote huenda pia anawaza deni la ada ya shule, au ndugu ambaye hawajasemezana kwa muda mrefu. Kwa hiyo uliza juu ya usingizi, hofu, fedha, watoto, anayemuuguza na imani yake, na uandike majibu kwenye faili kama unavyoandika mapigo ya moyo.

Maumivu yenyewe yapimwe kwa namba. Kipimo rahisi ni cha mkono: ngumi iliyofungwa ni kutokuwa na maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vyote vitano ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyawazia. Hata mtu asiyejua kusoma, au asiyeweza kuzungumza kwa sababu ya saratani ya koo, huweza kukionyesha. Uliza yako wapi, yanasambaa kuelekea wapi, yanachoma, yanakata au yanawaka, na nini huyaongeza. Kwa timu inayoweza, kipo pia kipimo cha Chama cha Huduma Shufaa Afrika chenye maswali kumi, saba kwa mgonjwa na matatu kwa familia, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 5. Kitumie katika ziara ya kwanza na ukirudie, ili uone kama kazi yako inaleta nafuu.

Kabla hujamaliza, mkague mwili wote. Kibofu kilichojaa mkojo usiotoka na choo kilichoganda tumboni ni vyanzo vya mahangaiko ambavyo huonekana kama maumivu ya saratani, na vyote viwili huondolewa siku hiyo hiyo. Mgonjwa mwenye saratani anayeanza ghafla kuumwa mgongo na kuishiwa nguvu za miguu huenda uti wake wa mgongo unabanwa. Huyo ni wa dharura na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama inajulikana kwamba hatapona.

Hatua ya pili: tuliza maumivu kabla ya jambo lingine lolote

Mtu anayeumwa vidole vitano hawezi kuzungumza juu ya wosia, hawezi kuswali kwa utulivu, na hawezi kuagana na watoto wake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maumivu makali yachukuliwe kama dharura, kwa uzito ule ule tunaoupa kutokwa na damu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 ngazi ya hatua tatu ambayo bado ni msaada mzuri kwa anayeanza kujifunza. Maumivu madogo hutibiwa kwa parasetamo, kwa mfano gramu 1 kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku, au kwa dawa za jamii ya ibuprofeni ikiwa tumbo na figo za mgonjwa zinaruhusu. Maumivu ya kati huongezewa kodeini au tramadoli. Maumivu makali hutibiwa kwa morfini. Mgonjwa anayekuja na maumivu makali hana haja ya kupandishwa ngazi moja baada ya nyingine kwa siku kadhaa; aanzishiwe morfini moja kwa moja. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale yanayowaka au kupiga kama shoti ya umeme, huhitaji kuongezewa dawa kama amitriptilini, miligramu 12.5 hadi 25 usiku.

Morfini inayotumika zaidi kwetu ni ya maji, ya kunywa, inayotengenezwa kutokana na unga. Dozi ya kuanzia huwa miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4. Mzee sana, mgonjwa aliyedhoofu mno au mwenye figo mbovu huanza na ile ndogo, na pengine kwa vipindi virefu zaidi. Ratiba inayofuatika nyumbani ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Dozi hiyo ya saa nne usiku huwa maradufu ya zile nyingine ili mgonjwa na anayemuuguza walale mpaka asubuhi. Dawa itolewe kwa saa yake, maumivu yawe yamerudi au hayajarudi, kwa kuwa maumivu yaliyoachwa yakapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Yakijitokeza katikati ya vipindi, mgonjwa apewe dozi ya ziada inayolingana na ile ya kila saa 4, na iandikwe. Hesabu ya dozi za ziada kwa siku ndiyo itakayomwelekeza daktari aongeze kiasi gani, na kwa kawaida ongezeko huwa kati ya asilimia 30 na 50.

Kosa la hatari kuliko yote katika dawa hii ni kuchanganya miligramu na mililita. Ipo morfini yenye miligramu 5 katika kila mililita 5, na ipo yenye miligramu 50 katika kila mililita 5. Anayefungua chupa isiyo yake anaweza kumpa mgonjwa dozi kubwa mara kumi kuliko aliyoandikiwa. Soma lebo kila unapotoa dawa, hata kama rangi ya maji ni ile uliyoizoea. Andika kwenye chupa jina la mgonjwa, nguvu ya dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, mpe familia bomba la sindano lisilo na sindano, na utie alama kwa kalamu isiyofutika mahali dawa inapopaswa kufika. Hospitalini, morfini hukaa katika kabati lenye kufuli na kila mililita inayotoka huandikwa kwenye daftari na kutiwa saini. Utaratibu huo hauna budi kufuatwa kikamilifu, ila usigeuke kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa dozi ya usiku eti kwa kuwa mwenye ufunguo amekwenda nyumbani. Ufunguo ukabidhiwe pamoja na zamu.

Wenzetu wengi bado wanaamini kwamba morfini ni dawa ya kumharakisha mtu kufa, au kwamba mgonjwa atakuwa mraibu. Morfini ya kunywa inayoanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa kufuata kipimo cha maumivu haimuui mgonjwa. Uraibu nao ni nadra kwa mtu anayeitumia kwa ajili ya maumivu ya saratani chini ya uangalizi. Waelezeni hivyo ndugu zake kabla hawajauliza, kwa sababu mara nyingi chupa hufichwa kabatini na mkwe au shangazi mwenye hofu ambayo hajaitamka. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida, hasa kwa mtu ambaye hakulala vizuri kwa wiki nyingi. Kichefuchefu huisha ndani ya wiki moja hivi, na metoklopramidi hukizuia. Kufunga choo hakuishi kamwe, kwa hiyo kila anayeanzishiwa morfini aanzishiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, kwa mfano bisakodili miligramu 5 usiku, isipokuwa anaharisha. Mahali ambapo dawa hiyo haipatikani, mbegu za papai zilizokaushwa, zikitafunwa au zikisagwa na kuchanganywa na maji usiku, zimekuwa zikitumika na timu za huduma shufaa katika ukanda wetu.

Ukimkuta mgonjwa amesinzia kiasi cha kutoamshika na anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, simamisha dozi inayofuata na umwite daktari. Angalia pia kama anakojoa, kwani figo zinaposhindwa morfini hujikusanya mwilini. Lakini ikiwa mgonjwa yuko katika saa zake za mwisho, kupumua polepole kunatokana na kufa kwenyewe, na dawa ya maumivu haiondolewi.

Hatua ya tatu: shughulikia pumzi, tumbo, mdomo, ngozi na vidonda

Mgonjwa anayekosa pumzi aketishwe wima kwa mito au kiti kilichogeuzwa kitandani, dirisha lifunguliwe, watu wapungue chumbani, na apepewe usoni kwa kipepeo. Upepo wa usoni hupunguza kweli hisia ya kukosa hewa. Morfini ya dozi ndogo, kwa idhini ya daktari, husaidia hata pale ambapo hakuna mtungi wa oksijeni. Anayetapika apewe dawa ya kuzuia kutapika kwa saa zake na vyakula vidogo vidogo vilivyopoa. Anayeharisha maji kidogo kidogo baada ya siku kadhaa bila choo achunguzwe kwanza, kwa kuwa huenda choo kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni yake. Kumpa dawa ya kuzuia kuharisha ni kumzidishia.

Mdomo husahaulika mno. Uangalie kila siku kwa tochi. Usafishe kwa mswaki laini au kitambaa safi, na umsukutulishe kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo. Utando mweupe ni fangasi na hutibika kwa nistatini. Midomo ipakwe mafuta. Anayelala muda wote ageuzwe kila baada ya saa 2 mchana, na usiku kwa kadiri anavyostahimili, shuka likunjuliwe lisiwe na mikunjo, na visigino, nyonga na mfupa wa kitako vikaguliwe kila anapoogeshwa.

Nirudi kwenye harufu, kwa sababu hakuna jambo linalomtenga mgonjwa na watu wake haraka kiasi hicho. Kidonda cha saratani ya titi kilichopasuka, au uchafu wa saratani ya mlango wa kizazi, hunuka kwa sababu ya vimelea wanaoishi ndani ya nyama iliyokufa. Safisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, bila kukisugua. Ponda vidonge vya metronidazoli mpaka viwe unga laini, unyunyize juu ya kidonda na ufunike kwa shashi safi, kila siku. Mara nyingi harufu hupungua ndani ya siku chache. Bandeji iliyogandia ilowekwe kwanza, isivutwe ikiwa kavu, na dozi ya morfini itolewe nusu saa kabla ya kufunga kidonda. Chombo chenye mkaa chini ya kitanda hupunguza harufu ya chumba. Ikiwa kuna hatari ya kutoka damu nyingi, weka karibu khanga au taulo za rangi nyekundu iliyoiva au nyeusi, ili mgonjwa na watoto wasitishwe na wingi wa damu, na umweleze anayeuguza mapema kwamba ikitokea, kazi yake ni kugandamiza, kumfunika na kubaki naye. Na muuguzi asizibe pua. Mgonjwa anakutazama usoni tangu unapoingia mlangoni.

Hatua ya nne: sema ukweli kwa kipimo anachokitaka mgonjwa

Katika familia zetu habari nzito hupitia kwanza kwa kaka mkubwa, baba mdogo au mjomba, na mara nyingi muuguzi hukutana nao koridoni wakimwomba: “Sista, tafadhali msimwambie.” Ombi hilo hutokana na upendo, na halifai kujibiwa kwa ukali. Waulize wanaogopa nini endapo atajua. Wasikilize mpaka mwisho. Kisha waeleze kwamba hutamvamia mgonjwa kwa habari asizozitaka, lakini akikuuliza wazi hutamdanganya. Waambie pia kwamba yeye ndiye anayeuishi mwili huo, na huenda anajua zaidi ya wanavyodhani, ila ananyamaza ili asiwaumize wao, wakati wao wananyamaza ili wasimuumize yeye.

Ukimwendea mgonjwa mwenyewe, hakikisha kwanza maumivu yametulia, mahali ni faragha, na yupo mtu anayemtaka awepo. Anza na anachokijua: “Mama, wewe mwenyewe umeuelewaje ugonjwa huu?” Kisha uliza anataka kujua kiasi gani, kwa sababu wapo wanaosema, “Mwambieni mwanangu, yeye ataamua,” na hiyo pia ni haki yao. Akiuliza kama atapona, usikimbilie jibu na usiseme utapona tu. Unaweza kusema: “Ugonjwa umefika mahali ambapo dawa tulizonazo haziwezi kuuondoa. Maumivu tunaweza kuyapunguza, na nitaendelea kuja kukuona.” Halafu nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwa muuguzi aliyezoea kuwa na la kufanya, lakini mgonjwa anakihitaji, na maneno ya kujaza nafasi humzuia asilie au asiulize swali linalofuata. Akiuliza amebakiwa na muda gani, usitaje idadi ya miezi. Zungumza kwa upana: kama hali inabadilika mwezi hadi mwezi, huenda muda uliobaki ni miezi, kama inabadilika wiki hadi wiki, huenda ni wiki, kama inabadilika kila siku, basi wanaotakiwa kuja wajulishwe sasa.

Ukweli huu una thamani ya fedha pia. Familia isiyojua kwamba tiba ya kuponya imefikia mwisho huuza shamba na ng’ombe kwa ajili ya safari nyingine, kipimo kingine, au dawa ya mtu aliyeahidi kuponya kila kitu, na mgonjwa anapofariki huacha wajane na watoto wasio na pa kuanzia. Nimewaona watu waliokasirikia hospitali si kwa sababu mgonjwa wao alikufa, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Hatua ya tano: mfundishe anayeuguza nyumbani

Mara nyingi ni mke, binti au dada, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Mfundishe kwa vitendo, kisha afanye yeye mbele yako: kumgeuza mgonjwa bila kumburuta, kumwogesha kitandani, kupima dawa kwa bomba, kusafisha mdomo na kufunga kidonda. Kama hasomi, chora ratiba ya dawa kwa jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Mwachie maandishi mafupi yenye dalili za kumfanya apige simu, na namba ya simu ambayo kweli itapokelewa. Mhusishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho ili apite kati ya ziara zako.

Jambo litakalomsumbua zaidi ni chakula. Kwetu kumlisha mgonjwa ni kumpenda, na mgonjwa anapoukataa uji, anayeuguza huhisi kwamba amekataliwa yeye au kwamba anamwacha afe njaa. Mweleze kwamba mwili unaojifunga hauhitaji tena chakula kingi, kwamba mgonjwa hafi kwa sababu ameacha kula bali ameacha kula kwa sababu anakaribia kufa, na kwamba kumlazimisha kunaweza kumpalia. Mpe kazi nyingine ya upendo badala yake: kulowesha midomo, kumpaka mafuta miguuni, kumsomea.

Hatua ya sita: tayarisha njia ya imani, wosia na watoto

Muulize mgonjwa angependa aitiwe nani, na uite mapema wakati bado anaweza kuzungumza. Mkatoliki atamtaka padri kwa ajili ya mpako wa wagonjwa; Mwislamu atapenda kutamkiwa shahada kwa upole, kusomewa Yasini na kulazwa akielekea kibla, kwa hiyo kitanda cha wodini kigeuzwe pale inapowezekana. Wakati wa Ramadhani baadhi ya wagonjwa hutaka kufunga ingawa ugonjwa wao umewapa ruhusa ya kutofunga na kulisha maskini kama fidia. Usibishane naye juu ya dini. Mwite shehe anayemwamini azungumze naye. Akishikilia, mweleze daktari, kwa kuwa pale vinapopatikana vidonge vya morfini vinavyofanya kazi kwa saa 12, vinaweza kupangwa wakati wa daku na wa futari.

Kuhusu wosia, kazi yako ni kuulizia kama jambo hilo limefikiriwa na kumwita anayestahili: mwanasheria, ofisa wa ustawi wa jamii au kiongozi wa dini. Usiandike wosia wewe na usiwe shahidi wake. Watoto nao waambiwe kwa lugha ya umri wao kwamba mama au baba ni mgonjwa sana na kwamba si kosa lao. Nchini Uganda, akina mama wa shirika la NACWOLA wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye majina ya ukoo, picha na habari za kuzaliwa kwao, na njia hiyo hufaa kwa mgonjwa yeyote mwenye watoto wadogo.

Hatua ya saba: siku za mwisho

Dalili ni hizi: mgonjwa si kwamba amelala tu bali hasisimki, anameza kwa shida, mkojo unapungua na kuwa mzito, mikono na miguu inapoa na ngozi kupata mabaka, na pumzi inakwenda kwa mafungu yenye vituo virefu katikati. Waeleze ndugu kila dalili kabla haijafika. Watu wakijua kwamba pumzi itakatika na kurudi, hawamkimbizi mgonjwa kwa pikipiki kwenda hospitali usiku wa manane ili afie njiani.

Pamoja na daktari, simamisheni dawa ambazo hazina tena faida: vitamini, vidonge vya shinikizo la damu, antibayotiki zisizoleta nafuu. Acha kumpima shinikizo la damu kila saa. Dawa ya maumivu na ya mahangaiko iendelee. Anayeshindwa kumeza apewe morfini ya maji iliyo nzito, kidogo kidogo, ndani ya shavu, au daktari aelekeze ya sindano chini ya ngozi. Dripu, ambayo karibu kila familia huiomba, kwa wakati huu huongeza uvimbe na makohozi bila kumwongezea nguvu. Ieleze hivyo kwa upole badala ya kuikataa kwa neno moja. Sauti ya mkoromo wa makohozi kooni huwatisha wasikilizaji kuliko inavyomtesa mgonjwa. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, na usimvute makohozi kwa mashine ndani kabisa ya koo. Zungumza naye kwa jina unapomgeuza na uwahimize ndugu wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa huenda bado anasikia. Kama yuko wodini, zungusha pazia, ongeza viti, na uache masharti ya saa za kuona wagonjwa.

Hatua ya nane: baada ya kifo

Thibitisha kifo kwa utaratibu wa mahali pako, andika saa, kisha waambie ndugu kwa neno lililo wazi kwamba amefariki. Usiwaharakishe. Funga macho na taya, nyoosha viungo, ondoa mipira na dripu, funika vidonda. Uliza kabla ya kuosha, maana Waislamu humwosha maiti wao wenyewe, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na hupenda kuzika mapema. Karatasi zako zisiwacheleweshe. Aliyefia nyumbani, wakumbushe ndugu watoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, wapate kibali cha mazishi na wasajili kifo kwa ajili ya cheti, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Bila cheti hicho mjane hatafungua mirathi. Morfini iliyobaki ihesabiwe mbele ya ndugu mmoja, irudishwe hospitalini na kuandikwa daftarini.

Rudi kuwaona. Siku za matanga nyumba imejaa watu; ziara yenye faida zaidi ni ile ya baada ya arobaini, wageni wakiwa wameondoka. Angalia kama aliyeuguza analala na kula, kama watoto wanakwenda shule, na kama kuna ndugu wanaomfukuza mjane kwenye nyumba yake, jambo la kufikishwa haraka kwa ustawi wa jamii au kwa watoa msaada wa kisheria. Kisha funga faili kwa kuandika mambo matatu: mgonjwa alikufa akiwa na maumivu ya vidole vingapi, alikufia mahali alipopataka au la, na ni siku ngapi dawa ilikosekana. Yapeleke kwenye kikao cha mwezi pamoja na mganga mfawidhi na mfamasia, kwa sababu oda ya morfini ya robo mwaka inayofuata hupangwa kwa takwimu hizo.